Vifaa vya kanzu ya kushona kwa mkono: kitambaa kipi ununue, na kwa nini kanji ndiyo adui

Malalamiko yanayokuja kila baada ya Sikukuu ni yale yale. Mtu kakaa Ramadhani nzima na sindano, kashona kanzu ya kizamani kwa mkono wake, mshono umenyooka, shingo imekaa. Imevaliwa Idd mosi ikasifiwa. Ikafuliwa Idd pili, na ilipotoka kambani ilikuwa imepanda juu ya kifundo kwa vidole vitatu, kikwapa kinabana, na kitambaa kilichokuwa kizito mkononi kimekuwa kama chandarua. Dada wa Wete aliyeandika mwisho aliuliza kama kosa ni la mkono wake. Si la mkono wake hata kidogo. Kosa lilikuwa dukani, na jina lake ni kanji.

Mwongozo huu ni wa vifaa vya kanzu moja ya mtu mzima, mkato wa zamani. Kwa asiyeujua: badani moja refu linalokunjwa begani, mbele na nyuma bila mshono juu; taharizi nne za ubavuni zinazopanua upindo; mikono miwili iliyonyooka; vikwapa viwili vya mraba, sentimita 12 kwa 12; kaba ya ndani ya shingo; na lisani, ule ulimi wa kitambaa unaokaa nyuma ya mpasuo wa kifua. Ukitoa tundu la shingo, kila kipande kina kingo zilizonyooka. Mashati ya kitani yaliyovaliwa Ulaya karne ya 18 yalikatwa kwa akili hiyo hiyo, miraba na vikwapa ili kitambaa kisipotee, kwa hiyo anayeshona shati la namna hiyo kwa ajili ya mchezo wa kuigiza anaweza kununua kwa orodha hii hii.

Rangi, wepesi na mng'aro sitavigusa. Hayo kila mtu anayaona kwa macho yake. Nataka tuangalie kile kisichoonekana.

Kanji imekaa wapi

Kiwandani, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hupakwa kanji kabla ya kufuma ili zisikatike kwenye kitanda cha kufumia. Hilo ni la lazima na halina ubaya. Kiwanda kizuri huiosha baada ya kufuma. Kiwanda kinachotaka kuuza kitambaa hafifu kwa bei ya kitambaa kizito huiacha, kisha huongeza nyingine juu yake, hukivuta kitambaa kikiwa kimelowa mpaka kirefuke na kupanuka, hukikausha hivyo hivyo kikiwa kimevutwa, na kukipiga pasi kwa magurudumu ya moto. Kinafika Darajani, sokoni mjini Unguja, kikiwa kigumu, kinang'aa, kinapiga kelele ukikikunja. Mnunuzi anakishika anasema "hiki kizito." Amenunua kanji kwa bei ya pamba.

Maji ya kwanza yanaondoa yote. Nyuzi zilizovutwa zinarudi mahali pake, matundu yaliyojazwa kanji yanafunguka, na kama kitambaa kilikuwa kimepotoka, upotovu unajitokeza: mshono wa ubavu unazunguka mpaka mbele ya goti.

Mshona kwa mkono anaumia zaidi kuliko fundi wa charahani. Sindano ya mashine inatoboa chochote. Sindano ya mkono ikikutana na kanji inakwama, unaisukuma kwa nguvu, inapinda, na uzi unachubuka kila unapopita. Ndiyo maana wenye maduka hawaulizwi: wateja wao wakubwa ni mafundi wa mashine, na fundi anayeshona kanzu tano kwa siku hana haja ya kujua itakuwaje baada ya kufuliwa.

Vipimo vinne, na vitatu vya kwanza unavifanya pale pale dukani.

Kwanza, shika pembe mbili za kitambaa, zisugue pamoja kwa nguvu kama unayefua doa, huku chini umeweka kitu cheusi, hata buibui lako. Ukiona vumbi jeupe, hiyo ni kanji inamwagika. Kisha tazama pale uliposugua dhidi ya mwanga wa mlangoni. Kama pamekuwa laini na matundu yameonekana, ilhali kando yake pamefungana, umeshapata jibu.

Pili, tafuta uzi mmoja wa mshindio, yaani wa upana, kwenye ukingo uliokatwa, uufuate kwa jicho kutoka pindo hadi pindo. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 150, uzi ukiteremka sentimita 2 unaweza kukinyoosha kwa kukivuta kikiwa kimelowa. Ukiteremka 4 na zaidi, kiache. Kanzu ni miraba mitupu. Kitambaa kilichopotoka hakina mraba.

Tatu, chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uchome kila mmoja peke yake. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha shanga ngumu. Nasema kila mmoja peke yake kwa sababu vipo vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili, na muuzaji atakuchomea ule wa pamba.

Nne, na hiki ndicho kipimo cha kweli: nunua robo mita, nenda nayo nyumbani. Kata mraba wa sentimita 20 kamili, uloweke usiku kucha, uuchemshe dakika kumi, uanike, upige pasi, uupime. Ukiwa 19.5, hiyo ni asilimia 2 na nusu, haina neno. Ukiwa 19, hiyo ni asilimia 5: kanzu ya sentimita 145 inakuwa 138 kasoro kidogo. Zaidi ya hapo usirudi kwenye duka lile. Ukitaka uhakika wa kanji, dondoshea kipande kingine tone la dawa ya aidini, ile ya kahawia ya kutilia vidonda inayouzwa famasi. Penye kanji panageuka buluu iliyoiva karibu na weusi. Baadhi ya viwanda siku hizi hutumia gundi isiyoonyeshwa na aidini, kwa hiyo aidini ikikaa kahawia usiridhike, amini maji.

Jambo moja la kukumbuka unapoangalia kipande kilichokauka: kurudi peke yake si aibu, pamba yote hurudi kiasi. Kitambaa kizuri kikivuliwa kanji hujifunga, nyuzi zinakaribiana, kinakuwa laini na kizito zaidi. Kibaya hufunguka. Tazama matundu kabla hujatazama rula.

Vitambaa kwa daraja

Cha kwanza, na sina shaka nacho, ni bafta ya pamba tupu iliyochanwa, ambayo madukani husikika pia kwa jina la poplini. Kuchanwa maana yake nyuzi fupi zimeondolewa kabla ya kusokota, kwa hiyo uso hauna manyoya. Ulaze kwenye kiganja, uinue usawa wa jicho, hutakiwi kuona ukungu wa nywele. Uzito wa gramu 110 hadi 130 kwa mita ya mraba unatosha: hakionyeshi mwili, hakichoshi sindano. Ile ya pamba ya Misri ndiyo bora, mradi ni ya Misri kweli na si maandishi ya dhahabu tu kwenye ukingo wa jora. Unaposhona, sindano inaingia bila sauti. Hilo nalo ni kipimo: omba uchome sindano moja kwenye pembe ya jora. Ikilia, kuna kanji.

Cha pili ni marekani. Kitambaa hiki kina haki ya kanzu ya kizamani kuliko kingine chochote kisiwani. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, konseli wa kwanza wa Marekani alifika Unguja 1837, na majora ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts yakawa mengi mpaka kitambaa kikachukua jina la nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, 1861 hadi 1865, vilikata mzigo, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikashika nafasi, lakini jina likabaki. Kina rangi ya maziwa yaliyochemka, na vidoa vidogo vya kahawia ambavyo ni vipande vya maganda ya mbegu za pamba. Usivichukie, ndivyo vinavyokuambia hakijapaushwa. Kanji kinayo nyingi, lakini ni ile ya mtande, haijaongezwa ya kudanganya. Hurudi kuliko bafta, basi nunua nusu mita ya ziada, kichemshe nusu saa na sabuni ya mche iliyokwanguliwa, na ukirudie ikiwa maji yametoka meupe na yanateleza vidoleni. Baada ya hapo hugeuka kitambaa kingine kabisa. Wengi wangekiweka cha kwanza, na kwa kanzu ya kazi wana haki.

Wapo wanaotaka hudhurungi, ile kanzu ya rangi ya udongo waliyopenda wazee wa Kiarabu. Chukua bafta ya rangi hiyo ikiwa rangi haichuji: funga kipande kilicholowa ndani ya kitambaa cheupe, kipige pasi, ufungue utazame.

Kitani nakiweka cha tatu kwa sababu ya bei na uhaba tu. Kinapitisha hewa kuliko pamba, kinakauka haraka, na kwa shati la Ulaya la zamani hakuna badala yake. Madukani kwetu vingi vinavyoitwa kitani ni mchanganyiko. Vuta uzi mmoja, ukate kwa kuuvuta: kitani halisi kinakatika kwa ncha ndefu iliyonyooka na inayong'aa, pamba inakatika kwa kishungi kifupi. Usikipige pasi kikiwa kikavu, mikunjo haitatoka.

Melimeli, ile pamba nyembamba mno, ni ya mwenye mkono uliokomaa. Inateleza, inahama unapoikata, na kila mshono unaonekana upande wa pili kama mshipa. Ikikaa vizuri hakuna kinachoifikia kwa uzuri. Anayeanza asiiguse.

Tetroni, yaani poliesta, na michanganyiko yake ni rahisi, hairudi, haikunjamani. Inateleza chini ya kidole, ukunjo hausimami, na kwenye joto la Kaskazi inakupika. Kwa charahani sawa.

Kiasi gani, na wizi wa wari

Kwa mtu wa urefu wa sentimita 170, kanzu ya sentimita 145 kutoka bega, badani la upana wa 62, mikono ya urefu wa 60 na upana wa 50 kabla ya kukunjwa: kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatosha mita 3, nunua 3.25. Kwenye upana unaobaki pembeni ya badani, mikono inakaa mmoja baada ya mwingine kwa urefu, halafu mistatili miwili ya 110 kwa 35 inayokatwa mshazari kutoa taharizi nne, na mabaki yanatoa kaba, vikwapa na lisani. Kitambaa cha upana wa 114 kinataka mita 3.75, kwa sababu mistatili ya taharizi haiwezi tena kukaa ubavu kwa ubavu. Cha upana wa 91 kinataka mita 4 na nusu, na taharizi ziwe nyembamba, za sentimita 28.

Hapa ndipo panaponiudhi. Uliza kila mara, kwa sauti: bei hii ni ya wari au ya mita? Wari moja ni sentimita 91 na nusu kasoro kidogo. Wapo wanaotaja bei ya mita na kupima kwa fimbo ya wari. Kwa "mita" nne unarudi nyumbani na 3.66, umepungukiwa sentimita 34, urefu wa lisani na vikwapa vyote. Mwingine anapima kwa haki lakini anakivuta kitambaa juu ya fimbo kama anayetandika kamba ya kuanikia. Mwingine anakata mshazari. Ukinyoosha ncha mbili kwa kufuata uzi unapoteza sentimita tano huku na tano kule. Nenda na futi yako. Omba kitambaa kilazwe juu ya meza bila kuvutwa, na mwambie achomoe uzi mmoja wa mshindio kwanza ili mkasi ufuate mstari ule. Kwa bafta na marekani ni kazi ya dakika moja. Muuzaji mwenye heshima hatakataa, na wapo wengi, Mchangani na Darajani hata Chake Chake. Anayekwambia "wewe bibi unanunua au unafanya utafiti?" kitambaa chake kina sababu ya kuogopa maji.

Na mbona robo mita imekuwa kama ombi la sadaka? Ukilipa bei yake kamili, duka limepoteza nini? Wenye maduka wanajua kwamba kipande kidogo kikifika nyumbani kitafuliwa. Kumi la mwisho la Ramadhani ndiyo kabisa: bei inapanda kila siku, jora halifunguliwi, na hakuna anayekubali kubadilisha. Kwa Pemba, ambako chaguo ni dogo, agiza kipande cha majaribio kwa anayekuja na boti kutoka Unguja kabla ya kuagiza mita zote.

Uzi: usibane pesa hapa

Kanzu nzima kwa mkono ni kama mita 24 za mshono ukihesabu kila ubavu mara mbili, mara ya kuunganisha na mara ya kulaza ukunjo. Kwa mishono minne kila sentimita hiyo ni karibu mishono elfu kumi. Inameza kama mita 100 za uzi pamoja na ncha zinazotupwa. Kigurudumu cha mita 200 kinatosha na kubaki.

Uzi wa kuunganishia uwe wa pamba, nambari 50. Usichukue poliesta hata ukiambiwa ni imara zaidi. Uimara huo ndio tatizo: kitambaa cha pamba kinarudi kidogo kila kinapofuliwa, uzi wa poliesta haurudi, na mshono unakunjamana kama uso wa aliyekunywa ndimu. Gütermann wa Ujerumani wana uzi mzuri wa pamba, lakini wana wa poliesta pia na vigurudumu vinafanana, basi soma. Uzi wa kupigia bandi, yaani kushikiza kwa muda, uwe wowote dhaifu wa rangi tofauti, lakini usiwe mwekundu wala wa samawati iliyokolea, utaacha alama kwenye bafta.

Wa darizi ya shingo na kiboko, ule mshono wa pambo, mimi ni wa DMC na sitaficha. Ni kiwanda cha Ufaransa kilichoanza 1746, na uzi wao haujapata mpinzani kwa mambo mawili: rangi haichuji, na msokoto unashika mpaka mwisho wa uzi. Chukua Coton Perlé nambari 12 kwa kazi nyembamba au 8 ukitaka mstari ulionenepa. Kidonge kimoja cha gramu 10 kinamaliza shingo na mpasuo wa kifua na kubakisha cha kanzu nyingine. Ukipenda Mouliné, kila kishungi kina mita 8 za nyuzi sita zinazoachana. Shona na nyuzi mbili, nunua vishungi vitatu. Nyekundu ya kizamani ipo kwenye rangi nambari 321, na 815 ni ile iliyokolea kama komamanga. Kwa anayetaka shingo nyeupe juu ya nyeupe, nunua uzi ukiwa na kitambaa chako mkononi, kilichokwisha kufuliwa, kwa sababu weupe wa kanji si weupe wa pamba.

Nakala bandia zipo nyingi, zenye karatasi ile ile. Usizinunue kwa ajili ya rangi nyekundu khasa. Lowesha uzi, uubane ndani ya kitambaa cheupe, weka pasi ya moto. Doa la waridi likibaki pale, litabaki na kwenye shingo ya kanzu. Wenye uzoefu zaidi wa uzi halisi ni akina mama wanaoshona kofia za viua. Uliza wao wananunua wapi, usiulize duka la zawadi za watalii. Akina mama hao hawana muda wa uzi unaokatika.

Kila uzi wa kuunganishia upitishe mara mbili juu ya nta ya nyuki, kisha uupige pasi vuguvugu ndani ya karatasi ili nta iingie. Usikate mrefu kuliko sentimita 50, utachubuka kabla ya kwisha. Nta ya Tabora inafika Unguja. Mshumaa wa dukani si nta, unapukutika na kuacha doa la mafuta.

Sindano na vidogo vingine

Nambari ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kwa bafta No. 9, kwa marekani No. 7 au 8, kwa melimeli No. 10. Za darizi ziwe na jicho refu, No. 7. John James za Uingereza ndizo ninazozitaka kwa kushonea. Pony za India ni nzuri kwa bei yake. Kipimo cha sindano ni jicho: tia uzi wa pamba, uvute mbele na nyuma mara kumi bila kushona chochote. Uzi ukitoa manyoya, jicho lina kingo kali, na utalaumu uzi bure mwezi mzima. Kisha iviringishe juu ya kioo, iliyopinda inarukaruka. Hewa ya bahari inazila upesi, kwa hiyo zichome kwenye kipande cha sufu chenye tone la mafuta ya charahani, uzifute kabla ya kushona.

Subana ya chuma yenye vishimo virefu, inayokaa kidole cha kati. Ijaribu mchana, joto likiwa limevimbisha vidole. Iliyokaa vizuri asubuhi itakubana saa nane. Ya plastiki itatobolewa na sindano siku ya kwanza ya marekani.

Mkasi mmoja wa sentimita 20 au zaidi usiogusa karatasi kamwe. Jaribu ncha yake kwenye melimeli iliyolowa: ukikata kwa ncha bila kutafuna, unafaa. Alama za kukatia usizichore na kalamu ya risasi, inakuwa ya kijivu na haitoki. Kwenye kitambaa cheupe vuta uzi, au kunja na ubonyeze kwa ukucha.

Wakati wa kununua

Maduka yametulia kuanzia Mfunguo Nne hadi Mfunguo Sita. Hapo ndipo jora linafunguliwa kwa utulivu, robo mita inakatwa bila mzozo, na bei inazungumzika. Elfu kumi za mishono, pamoja na kukata na darizi, ni kama saa 45 kwa mkono uliozoea: saa moja na nusu kila usiku baada ya Isha, siku thelathini. Kabla ya hapo kitambaa kinataka kulowekwa usiku kucha, kuchemshwa, kuanikwa bila kukamuliwa, na kupigwa pasi kikiwa na unyevu kwa kufuata uzi. Marekani inataka hivyo mara mbili. Anayetaka kuivaa Idd mosi awe na kitambaa kilichofuliwa kabatini kabla ya mwisho wa Rajabu, na akianza kukata Shaabani mosi, hata akikosa usiku kadhaa, Ramadhani itamkuta ameshamaliza ubavu na mikono, amebakiwa na shingo.